Ng'ombe Uliyemwachia Kabula

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, na afadhali, maana naona haya hata kukuandikia.

Mdogo wangu Maduhu, kitinda mimba wako, yuko rumande Shinyanga. Alimbaka Kabula. Neno hilo nimelifuta, nimeliandika tena.

Tulipokuzika nilimchukua mwanangu Kabula nikaja naye huku Mwakitolyo, ninakopikia wachimbaji. Nilipokuwa nikishinda jikoni, nilimwacha na Maduhu, mjomba wake, aliyekuwa akiishi nasi. Nani angemwogopa mjomba?

Mwalimu wa Kabula ndiye aliyegundua, akamwita ofisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole. Akatupeleka kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja, mtoto asisimulie upya kila mlango. Njia nzima Kabula alishika mkono wa ofisa, si wangu.

Maduhu akakimbilia machimbo ya Geita. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema damu ni moja, yaishe nyumbani, mtoto alipwe fidia ya ng'ombe. Nikakubali. Mama, nilikubali! Nikamwambia ofisa ustawi tumeshaelewana, asijisumbue. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Kabula, nitarudi kumsalimia mwanangu." Akarudi, akarudi tena, na kila akija anakaa mkekani na Kabula wanachora.

Ng'ombe akaletwa. Alikuwa yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, uliyesema mbele ya watu wote, "Huyu ni wa Kabula, asomee." Walimlipa mtoto kwa mali yake mwenyewe! Nilimtambua pale pale. Nikamfunga uani, nikamkamua, nikapika chai ya maziwa. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuitwa dada aliyemfunga ndugu yake.

Kabula alikitazama kikombe, akauliza, "Mama, huyu si ng'ombe wangu?"

Hakunywa. Mimi nilishakunywa changu.

Siku hiyo hiyo nilimpigia ofisa ustawi, tukaenda polisi, dawati la jinsia na watoto, nikasema Maduhu alikojificha. Nilikuwa nikijua muda wote. Sasa ukoo haunisalimii. Shangazi amesema ungekuwa hai ungekufa kwa aibu. Labda. Lakini kesi hii hainitii aibu, Mama. Ninayoionea aibu ni ile chai.

Kabula amehamishiwa shule nyingine, na ofisa ustawi bado anampeleka kwa mshauri. Usiku hushtuka. Ila juzi jirani aliteleza na ndoo yake ya maji, Kabula akacheka mpaka akakaa chini. Niliingia ndani nikalia.

Alhamisi tunakwenda mahakamani. Atasikilizwa faragha, na wamesema nitaruhusiwa kukaa karibu naye. Maduhu nilimbeba mgongoni mimi, wewe ukiwa shambani kwenye pamba. Nikimwona nitalia, najijua. Lakini sitaondoka kando ya Kabula, hata ukoo wote ukinikodolea macho. Na kama unataka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi. Mtoto hajafanya lolote.

Pumzika, Mama. Ng'ombe ana mimba. Nakuahidi, ndama akizaliwa Kabula ndiye atakayempa jina, na maziwa atakunywa yeye kwanza, akitaka. Asipotaka, yote tutamwachia ndama.

Mwanao,
Mama Kabula