Mama Hashushwi

Mama, shikamoo. Asubuhi za Mtwara zina ukungu na harufu ya maua ya mikorosho, hata nadhani bado naota. Barazani kwa shangazi tunasomeshwa Kijapani na baharia Mjapani aliyevunjika mguu, meli ikamwacha hapa apone. Tunavua viatu, tunainama, tunasema "ohayo", yaani habari za asubuhi. Jana akafundisha kwamba mama wa mwenzio ni "okasan", neno la heshima, lakini mama yako mwenyewe, mbele ya wageni, unamtaja kwa neno la chini.

Shangazi akadakia, "Mwalimu, mama hashushwi!"

Sote tukagoma. Mwalimu akageukia bahari, akamwita mama yake kwa lile neno kubwa, akainama. Nami nikainama kuelekea Kilwa uliko.

Ubaki na afya, okasan wangu.

Mwanao, Zuhura