Wino wa Naisenya na Kiapo Alichokikataa

Mama Selestina, shikamoo. Mimi ni Naisenya, mzaliwa wa Olbalbal, nimeolewa hapa Karatu na Inosenti ambaye ni fundi magari, na nakuandikia nikiwa na hasira kwa hiyo nivumilie, maana nikisubiri ipoe sitaandika kabisa.

Mama, mimi natengeneza wino. Nachemsha magome ya olkiloriti, mti ule ambao kwetu wanaume wanautia kwenye supu, naloweka humo misumari ya kutu kutoka gereji ya mume wangu mpaka maji yawe meusi tii, nachuja, natia gundi ya mgunga, na ukishakauka kwenye karatasi hata maji hayaufuti. Nilianza kwa kujaribu tu, wageni wa lodge wakawa wananunua chupa mojamoja, halafu mmoja akampelekea Bi Mwanaidi wa Tanga, mama anayeandika aya na majina ya maharusi kwa kalamu ya mwanzi, naye akanipigia simu akasema, "Mwanangu, weusi huu nimeutafuta maisha yangu yote. Nitumie wa kutosha." Nililia kwa furaha, kwa sababu tangu niolewe kila mtu hapa akiniona ananiuliza shanga, kama vile Mmasai hana mkono wa kazi nyingine.

Basi nikajaza chupa za kioo mpaka mdomoni, nikazifunga kwa magazeti ndani ya boksi, nikapakia kwenye basi la Arusha ili huko zihamishiwe gari la Tanga, kumbe basi hilohilo limebeba kwaya ya kanisa letu wanaenda kuimba kwenye tamasha la dayosisi, na kanzu zao nyeupe ziko kwenye buti chini ya boksi langu. Kufika, wanafungua mabegi, Mama, chupa zimepasuka njiani na kanzu zina mabaka meusi kifuani na mgongoni, na wakaimba nazo hivyohivyo mbele ya askofu maana hawakuwa na nyingine. Na mimi ni mwimbaji wa kwaya hiyohiyo, siku hiyo nilibaki kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa.

Ibada iliyofuata shemeji yangu Hilary, kaka mkubwa wa Inosenti na mzee wa kanisa, akaniita mbele. "Shemeji, omba radhi, halafu uape mbele ya usharika huu kwamba hutachemsha tena huo uchafu."

Nikamgeukia mwalimu wa kwaya. "Laurencia, na ninyi wenzangu, nimewaaibisha, nisameheni. Kanzu nitazishona upya mimi mwenyewe." Laurencia akaitikia kwa kichwa.

"Na kiapo?" Hilary akauliza.

"Kiapo hapana, shemeji. Nilifunga vibaya. Wino hauna kosa."

Inosenti akaangalia viatu vyake. Tulipotoka nje Hilary akasema chupa moja tu ikipasuka tena njiani, nifungashe virago nirudi Olbalbal.

Kanzu nimeshashona, zimepokelewa. Lakini Mama, kila nikifunga boksi nalifungua tena. Ofisi moja ya vifurushi imenitajia nauli inayozidi thamani ya wino wenyewe, na Inosenti ananishauri niandike juu kwamba ni asali ili wapakie bila maswali. Wino huu utaenda Tanga, hilo sikuulizi. Nakuuliza unafungwaje.

Naisenya, Karatu

MAMA SELESTINA ANAJIBU

Marahaba, Naisenya. Pole kwa yaliyokupata kanisani, ila usitegemee nikubembeleze. Kioo kilichojaa mpaka mdomoni, ndani ya gazeti, juu ya nguo za watu! Ulidhani nini kitatokea? Mzigo wako usingeweza kusubiri gazeti hili litoke, ndiyo maana nilikupigia simu. Niliyokwambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine wanaotuma mafuta na dawa za maji.

Achana na kioo. Tafuta chupa ndogo za plastiki ngumu zenye mfuniko wa kuzungusha. Ni nyepesi, na nauli inafuata uzito. Usijaze. Karatu baridi, Tanga joto, na wino ukipata joto unatanuka, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili. Weka kipande cha nailoni mdomoni, kaza mfuniko, zungushia selotepu, kisha ipindue chupa juu ya karatasi nyeupe mpaka kesho yake. Karatasi ikipata hata doa, chupa hiyo haisafiri. Kila moja iingie kwenye mfuko wake pamoja na kitambaa chakavu cha kunyonya, zote zikae kwenye ndoo yenye mfuniko, uzishindilie maranda ya seremala, na ndoo iingie kwenye boksi. Litikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze maranda.

Wino wenyewe uchemshe mpaka uwe mzito, Bi Mwanaidi ataongeza maji kwake. Unayalipia maji nauli ya nini, kwani Tanga hawana maji? Na usiishie ofisi moja. Nenda Posta, nenda kwa watu wa mabasi, uliza bei na uliza wanapokea nini kabla hujafunga.

Asali sahau. Andika WINO, KIMIMINIKA, kwa herufi kubwa, na umwambie mpakiaji asiweke karibu na nguo. Na wewe Inosenti, najua unasoma: mkeo anatishiwa kufukuzwa kwenye nyumba yako, wewe unaleta habari za asali? Nenda kwa kaka yako ukamwambie nyumba hiyo ni ya nani.

Naisenya, jana ulinipigia ukisema boksi limefika. Mfuniko mmoja ulipasuka, wino ukaishia kwenye kitambaa ndani ya mfuko wake, chupa nyingine zote nzima, na Bi Mwanaidi ameshaanza kuandika. Ukaniuliza kama umfiche Hilary ile moja. Usimfiche. Mwambie imepasuka, na haijagusa nguo ya mtu. Akikwambia ufungashe, fungasha wino.