Chaki Upande wa Kulia

Mwaitu, mama yangu,

Vigingi vya bustani viling'olewa, na nimepigilia vingine. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Unakumbuka ulivyoichora? Baada ya miaka yote ya kushona sare za shule pale sokoni Mitaboni, uliamua uwanja wetu uwe na njia iliyonyooka katikati na ua wa kayaba huku na huku. Ukachukua gazeti kuukuu, ukalikunja katikati kama unayekata blauzi, ukapitisha mkasi. "Kushoto ilingane na kulia, Mwende. Ikikataa, fumua." Nilicheka hadi ukanirushia chaki.

Tulikuzika kushoto kwa njia. Majuma mawili baadaye nikapigilia vigingi, nikafunga kamba ya katani, nikapima kwa tepu yako. Mjomba Mutinda, huyo kaka yako, alipoona kamba akadhani nimeleta mpima ardhi, nakata shamba niuze. Aling'oa vyote akavifanya kuni. "Msichana hapimangi shamba ya wenyewe. Wewe ni wa kuolewa."

Wenyewe! Babu alikupa hapa akiwa na akili zake timamu, ukanilea hapa bila kumwomba mtu chumvi.  Nilichukua panga, Mama, nikachonga vigingi vingine.

Kayaba imeshika. Nainywesha maji ya kuoshea vyombo, na mstari mmoja nimeufumua mara mbili kwa sababu ulipinda. Nakukosa sana ninapofumua, hakuna wa kunigombeza.

Jumapili Mjomba alirudi, akasimama kwenye kiwanja kitupu upande wa kulia. Akauliza mbona hapo sijapanda kitu, au mnunuzi anakuja? Nikaleta gazeti lako. Kaburi lako nilikuwa nimelichora kwa chaki nzito upande wa kushoto. Nikalikunja, nikalipiga kofi kama ulivyokuwa ukihamisha alama kwenye kitambaa, nikalikunjua mbele yake. Chaki ilikuwa imetokea kulia pia, pale pale alipokuwa amesimama.

Aliiangalia sana. Kisha akasogea, akatoka kwenye kile kiwanja kwa kupitia njia, bila kukanyaga kamba.

Lala salama, Mwaitu. Nakuahidi ua hautapinda, na mimi sing'oki. Mahali pangu pa kulala siku yangu ikifika nimepapima mwenyewe, panalingana na pako.

Mwende wako