Bande ya Yaya Colombe

Siku ya Posho, 11 Novemba 2023
Tulikuwa tunapanga mabanc, vile viti virefu vya kanisa, hapa Bagira. Déogratias wa kwaya akaachilia upande wake — banc ikaanguka kwenye muundi wangu. Jeraha hakuna. Alama ya bluu tu. Ameomba musamaha mara kumi! Nikamuambia haiko kitu. Tukaimba mpaka mwisho.

Siku ya Mungu, 12 Novemba
Muguu umevimba. Hauumi pale ulipogongwa, unauma ndani ya nyama. Sikuenda misa. Yaya Colombe, dada yangu mukubwa, akakuja na bande, akaufunga nguvu. Eti uvimbe utashuka. Paracétamol mbili, tena mbili. Bure.

Saa kumi. Ngozi inang'aa, ngumu kama ubao. Vidole ni kama si vyangu. Colombe akivikunja kidogo tu, napiga kelele — mimi, mwenye kuzaa watatu kimya! Anasema nadeka. Bande nimeifungua mwenyewe. Déogratias anatafuta taxi.

Siku ya Kwanza, 13 Novemba
Hospitalini. Jana docta Gisèle aligusa muguu, akaona alama za bande, akauliza nani aliufunga. Colombe akaanza kukunja kitenge changu. Radio, ile picha ya ndani ya muguu: mufupa ni muzima. Colombe akasema, si nilisema! Docta akasema shida si mufupa. Nyama imevimba ndani ya mufuko wake, na mufuko haupanuki. Damu haipiti. Lazima kupasua sasa hivi na kuacha wazi. Tukingoja kesho, itakuwa kukata muguu.
Colombe alitaka kwanza tumupate bwana yangu Stanislas, iko Kamituga, simu haipiti. Docta akaangalia saa. Nikaomba bic. Nimesaini mwenyewe.

Siku ya Ine, 16 Novemba
Vidonda viwili virefu, wazi. Naviangalia kama vya mutu mwingine. Nyama ni nyekundu — docta anasema ni vizuri. Pembeni kuna kipande cha kijivu. Kile akakiandika kwenye karatasi yake.
Déogratias alileta ndizi. Akasimama mulangoni, hakuingia.
Colombe ananiosha, ananichana nywele. Juu ya bande, hata neno. Na mimi sijauliza.
Asubuhi hii docta akasema: «Maman Joviale, inua vidole vya muguu.» Nikainua. Akangoja.
«Inua, maman.»
«Si naviinua, docta!»
Colombe akaangalia muguu, halafu mimi. Akashika ndoo, eti anaenda kuteka maji.
Ndoo ilikuwa imejaa.