Walii wa Zuhura

Igogo, Mwanza

Dada yangu Salama,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na shemeji, mgongo umemwachia? Sisi huku wazima. Mimi nimenenepa mpaka mawe ya Mwanza yananipisha njia.

Dada, kaa chini kwanza. Zuhura wako kapata mchumba! Na msimamizi wa kila kitu ni mimi, maana hapa mtaani mambo ya dini zote huulizwa kwangu. Mkatoliki akisahau Kwaresima, namnyang'anya nyama mdomoni. Msabato simpi kambare, kwao samaki asiye na magamba haliwi. Hata yule Mhindi wa duka la vitambaa nilimkumbusha Diwali, akawasha taa mbio mbio.

Basi mshenga wao, mzee Masatu, Mjita, akanipigia: "Mjomba, tunaomba kujua mahari, tuje kesho." Nikamuuliza Zuhura, kwani kwetu Waislamu mahari hutaja bi harusi mwenyewe. Akataja msahafu na jokofu. Nikamjibu mzee hivyo hivyo. Akauliza: "Jokofu lile la mwaloni?"

"Lolote, mzee, mradi ligandishe!"

Kesho yake tukangoja mpaka pilau likapoa. Kumbe Mjita yule ulimi umemteleza, alikuwa anauliza *mahali*! Ujumbe mzima, kanzu na mabaibui, umesimama mwaloni, kule sokoni ufukweni mwa ziwa, mbele ya jokofu la samaki, umezungukwa na sangara wakubwa kama ng'ombe. Walipofika, Masatu akasema, "Mjomba, umetunusisha samaki kabla ya pilau." Tulicheka! Na mahari wakayakubali.

Ndipo sheikh akauliza, "Walii wa kumwozesha ni nani?" Nikasimama kabla hajamaliza.

"Wewe ni nani wake?"

"Mjomba. Nimekaa naye tangu anavaa sare za shule."

"Thawabu utapata. Uwalii hupati. Kaa chini, huyu ana baba yake."

Nikakaa. Elimu yangu yote hii, dada, hilo lilinipita.

Sasa shemeji, baba mtu, aliposikia bibi wa mchumba anasali rozari, kanikatia simu na hapokei tena. Msomee haya. Rashidi, mchumba mwenyewe, ni Mwislamu wa swala tano. Bibi yake Mkatoliki, kweli, lakini hata mbuzi wake wa Krismasi humwita Mwislamu amchinje, ili mjukuu naye ale. Mtu kama huyo atampotosha nani? Shemeji akishindwa safari, amtamkie sheikh kwa simu kwamba anamfanya wakili wake wa kuozesha. Bila neno lake hakuna ndoa, hata nihubiri mpaka Ukerewe.

Jana Zuhura kaleta kanzu mpya. Nilijua yangu, nikaivaa, ikanikwama mabegani.

"Vua, mjomba," akaniambia. "Ni ya baba."

Nisalimie shangazi Mwajuma wa mawese, na mdogo wetu Idi anayeadhini. Waambie waombe dua, shemeji alegee.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi, mjomba wa bi harusi, baba yake akiridhia.