Violezo vya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Sijatulia tangu asubuhi. Programu ya kukatia nguo! Ya bei ya chini nimeijaribu wiki nzima, na inafanya yote tunayotaka — inapanga vipande vya sare kwenye kitambaa, mabaki yanapungua. Kaka, mwenye karakana, hataki hata kuisikia. Kitu cha bei ndogo, anasema, lazima kina kasoro. Kaagiza ile ghali kuliko zote. Nami, mwoga, nikaitikia.

Ikishaanza kazi, Shangazi apumzike. Ndivyo Kaka anavyosema, "apumzike". Miaka ishirini na tisa anakata sare kwenye karakana hii, na hajaambiwa.

Jumatano, 6 Machi

Muuzaji kaja na tai na maneno matamu. Kawasha kompyuta. Kioo cheupe, hamna kitu! Eti programu haijui kola wala mkono wa shati, ni sisi wa kuiingizia. Kauliza vipimo vyetu viko wapi.

Sote tukageuka kumtazama Shangazi. Alikuwa ananoa mkasi.

Violezo vyake vinaning'inia ukutani juu ya meza yake, makatoni aliyochora mwenyewe, kila saizi. Kwenye kimoja kaandika kwa penseli: shule ya wavulana, mabega mapana, ongeza kidole.

Alhamisi, 7 Machi

Kaka kanituma nikavichukue. Eti Shangazi ananipenda mimi. Malipo ya kumpa Shangazi hakutaja. Nimeizunguka ile meza mara tatu, najifanya natafuta sindano. Sikuthubutu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwomba. Nimemweleza na habari ya kupumzika. Aibu! Afadhali angenigombeza. Kavitungua kimoja kimoja, kavifuta vumbi, kavifunga kwa utepe, kisha kaketi navyo mapajani. Kauliza programu imenunuliwa kiasi gani. Nikamtajia — siwezi kumdanganya, ndiye aliyenifundisha kushika mkasi.

"Na ilikuja tupu?"

"Tupu, Shangazi."

Kakaza fundo la utepe.

"Basi nenda, mwanangu, ukamuulize kaka yako. Cha bei ndogo kina kasoro. Hivi anavyovitaka bure, vina nini?"

Niko nje ya mlango wa Kaka. Muuzaji yumo ndani, kompyuta imewashwa. Kaka kaniita mara mbili, niviingize hivyo violezo.

Sina kitu mkononi ila hili daftari. Ananiita tena —