Siku Niliyopandishwa Jabali la Mama

Mishomoroni, Kisauni
Oktoba 1961

Kwa kaka yangu Mwinyihaji, Tanga.

Shikamoo kaka, maana adabu alizotufunza mama bado ninazo. Natumai u mzima, na lile tumbo lako lazidi kukutangulia mlangoni. Mimi sijambo, ila goti, nalo lina maneno nawe. Salamu za watu wa nyumbani usizitarajie. Sababu utaiona mbele.

Habari kubwa ni kuwa nduguyo amekwea jabali. Walikuja Wazungu wawili, mume na mke, na kamba na vyuma vya kupigilia mwambani, wakasema hupanda mawe siku zao za mapumziko. Nikawauliza kama wamepoteza mbuzi huko juu. Randu, mpishi wao, akanifasiria kuwa hawakupoteza kitu. Hupanda, kisha hushuka. Nikamwambia na hawa ndio wanaotutawala.

Lakini kaburi la mama liko juu pale, na tangu ulipowauzia watu wa timbo la kuchimba mawe shamba la nyuma, njia imezibwa kwa seng'enge. Mwaka wa tatu huu sijamzuru. Uliniandikia kuwa kaburi umelijengea ua, wachimba mawe hawaligusi, nitulie. Nikatulia. Siku hiyo nikamwambia Randu awaombe wanipandishe.

Bibi yule akanifunga kamba kiunoni na mapajani kama mbuzi wa Idi, nami kikoi nimekipiga winda. Mawe yale ya chokaa ni wembe mtupu, yalinichana viganja vyote viwili. Randu akanipigia kelele kutoka chini, Mzee Mbarak, hata kaa hukwea vizuri kuliko wewe. Nilimtukana, kisha nikatubu, maana nilikuwa naenda kwa mama.

Kaka, jabali lile limebaki uso tu. Nyuma limekatwa lote. Hatua moja kutoka ukingoni ni shimo, na chini watu wanachonga mawe ya kujengea. Ua hapana. Kaburi hapana. Nilisoma Fatiha nikiliangalia shimo, sijui nielekee wapi. Bibi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni kama naona uzuri. Nikamjibu naona.

Niliposhuka nilikwenda kwa Boga, mnyapara wa timbo. Akaapa kuwa kabla ya kukata alikuuliza wewe mwenyewe pale juu pana nini, nawe ukamjibu hapana kitu, mawe tu.

Sasa nikwambie nililolitenda. Nilirudi nyumbani na uso uliosawijika, mke wangu Tima akauliza nani amekufa. Nikamwambia ni wewe, kaka. Ijumaa tukakusomea khitma, msikiti ukajaa. Tima alilia kweli, na watu wakakusifu kwa mambo ambayo wallahi hukuyafanya. Pilau ilikuwa nzuri. Imamu akaniuliza umezikwa wapi. Nikamwambia nimetafuta kaburi, sikuliona.

Basi ukija huku, usije mchana, utawatisha watoto. Wanao wasalimie sana. Wewe, Mungu akurehemu.

Ni mimi nduguyo,
Mbarak